Matroni, mwalimu mkazi au wasichana wenyewe? Mifumo mitano ya zamani na namna ya kuchagua

Kamati ikikaa kutafuta matroni wa bweni la wasichana wa chuo, mazungumzo huanzia kwenye tabia zake. Awe mtu mzima. Awe na heshima zake. Asiwe mkali kupita kiasi, lakini asiwe wa kuchezewa. Vyuo vya wanawake vya Marekani katika karne ya 19 vilianzia hapohapo, na mara nyingi vikaishia kwa mjane wa makamo anayejua kuendesha nyumba na anayetafuta pa kuishi. Nimezifuatilia habari za vyuo hivyo kwa sababu malezi ya bwenini yananigusa sana, na ninachokiona ni kwamba tabia ya matroni huja nafasi ya tatu. Kwanza ni jengo alilokabidhiwa. Pili ni mamlaka na mshahara aliopewa. Mwanamke yuleyule, mwenye moyo uleule, nyumba moja itamfanya mlezi na nyingine itamfanya askari wa getini.

Ninalinganisha hapa mifumo mitano: Mount Holyoke, Vassar, Smith, Bryn Mawr na Howard. Vinne vya kwanza vilikuwa vyuo vya wanawake watupu. Howard kilikuwa cha watu weusi, wanaume kwa wanawake, lakini ndicho kilichouliza swali gumu kuliko vyote.

Mwalimu anayelala humohumo

Mary Lyon alifungua Mount Holyoke tarehe 8 Novemba 1837, huko South Hadley, Massachusetts, akiwa na wanafunzi wapatao 80 ndani ya jengo moja la matofali. Walimu, wote wanawake, walilala chini ya paa moja na wanafunzi na kula nao, na kila mwalimu alikuwa na kundi lake la wasichana aliowajua kwa majina na mwenendo. Watumishi wa ndani hawakuwepo. Kila mwanafunzi alifanya kazi za nyumba kwa takribani saa moja kila siku, na makundi yaligawana: hawa mkate, hawa kufua, hawa meza. Kwa njia hiyo ada, chakula na malazi kwa pamoja vilikuwa dola 60 kwa mwaka. Lyon mwenyewe alipokea mshahara wa dola 200 kwa mwaka na hakutaka zaidi.

Mwaka 1847 aliingia pale msichana wa miaka 16 aliyekuja kuwa mshairi mkubwa wa Marekani, Emily Dickinson. Katika barua kwa rafiki yake alieleza zamu yake: asubuhi na mchana kubeba visu kutoka safu ya kwanza ya meza, na jioni kuosha na kufuta idadi ileile ya visu. Akaeleza pia ratiba ya siku nzima, tangu kuamka saa kumi na mbili asubuhi hadi kengele ya kulala saa tatu kasorobo usiku. Kengele ya pili, ambayo ukiikosa ndipo unaandikiwa kosa, ililia saa nne kasorobo, kwa hiyo ile ya kwanza wasichana hawakuijali sana. Aliyewahi kulala bweni la misheni popote atayatambua maisha hayo neno kwa neno.

Na si ajabu. Wahitimu wa Mount Holyoke walisambaa duniani na mfumo wao. Mwaka 1874 wawili kati yao, Abbie Ferguson na Anna Bliss, walifungua seminari ya wasichana mjini Wellington, Afrika Kusini, kwa kielelezo cha chuo chao.

Faida ya mfumo huu iko wazi. Ni wa bei nafuu, na msichana hapotei katikati ya umati, maana mwalimu anayemfundisha asubuhi ndiye anayemwona akikohoa usiku. Lakini kuna jambo moja linalonifanya nisite kuupendekeza. Wanafunzi walitakiwa kujitaja wenyewe makosa yao mbele ya wenzao: nilichelewa, niliongea wakati wa kimya, nilipokea mgeni chumbani. Anayesikiliza ni mwalimu yuleyule atakayesahihisha mtihani wako. Msichana mwenye shida ya kweli, ya nyumbani, ya mwili au ya moyo, anabaki hana pa kwenda, kwa sababu kila sikio ndani ya jengo lile ni sikio la mamlaka. Na mwalimu naye hapumziki. Yuko darasani mchana, yuko zamu usiku, mwaka mzima, kwa mshahara wa kazi moja.

Jengo kubwa, mlezi mkuu mmoja

Vassar ilifunguliwa Septemba 1865 huko Poughkeepsie, New York, kwa fedha za Matthew Vassar, mfanyabiashara wa pombe. Msanifu wa majengo yake, James Renwick, alijenga kitu kimoja kikubwa mno: madarasa, maktaba, kanisa, bwalo, vyumba vya walimu na vyumba vya wanafunzi, vyote ndani ya jengo moja. Mwaka wa kwanza waliingia wanafunzi 353.

Aliyeajiriwa kuwalea ni Hannah Lyman, mwanamke aliyekuwa akiendesha shule yake ya wasichana Montreal. Alikuwa na cheo cha mlezi mkuu, chini ya rais wa chuo ambaye alikuwa mwanamume, na mikononi mwake vilikuwa mwenendo, adabu, mavazi na dini ya wasichana wote. Chini yake walikuwepo walimu wa korido, wengi wao wanawake vijana, waliofundisha mchana na kulinda korido usiku. Kengele ya kuamka ililia saa kumi na mbili asubuhi, taa zikazimwa saa nne usiku, na katikati kila saa ilikuwa na kazi yake, hata saa ya kutembea nje.

Sitaki kumlaumu Lyman. Mpe mtu yeyote wasichana 353 kwenye korido ndefu kama zile, na mwambie wazazi wao wanaogopa kwamba elimu itawaharibu, naye atafanya alichofanya yeye: ataandika kanuni. Huwezi kuwajua watu 353. Unaweza kuwahesabu tu. Lyman alifanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1871.

Ugumu wa kanuni ulionekana vizuri zaidi kwenye somo la nyota. Profesa Maria Mitchell, mtaalamu maarufu wa nyota aliyegundua nyotamkia mwaka 1847, aliishi kwenye jengo la darubini pamoja na baba yake mzee, nje ya jengo kuu. Somo lake halifundishiki mchana. Kanuni ya bweni inasema saa nne taa zimezimwa. Sayari za Zohali na Mshtarii hazina habari na kanuni hiyo. Wanafunzi wake walitoka usiku kwenda kwenye darubini, na hapo ndipo wengi walipopata walichokifuata Vassar. Bweni lolote la chuo ambalo kanuni zake zinagongana na masomo limekosea mahali, na anayepaswa kurekebisha ni chuo, wala si matroni wa kufumba macho kimyakimya.

Kuna mambo mawili ya Vassar ambayo ningeyachukua leo bila kusita. La kwanza, hawakumwachia mlezi kazi ya udaktari. Tangu mwaka wa kwanza walikuwa na daktari mwanamke aliyeishi chuoni, Alida Avery, ambaye pia alifundisha elimu ya mwili na afya. Matroni wengi hadi leo wanabebeshwa uuguzi bila mafunzo, na msichana anapewa dawa ya maumivu kwa ugonjwa uliohitaji hospitali. La pili ni onyo kuhusu pesa: Mitchell, mwanasayansi mwenye jina duniani, alianza kwa dola 800 na malazi huku maprofesa wanaume wakilipwa zaidi ya mara mbili. Yeye na Avery walidai haki yao hadi wakaongezewa. Ukimpa mwanamke chumba na chakula kisha ukaviita sehemu kubwa ya mshahara, unajenga juu ya dhuluma ileile.

Kabla sijaondoka kwenye majengo makubwa, nitaje Wellesley, chuo kingine cha Massachusetts kilichoanza mwaka 1875 kwa mtindo huohuo wa jengo moja. Alfajiri ya tarehe 17 Machi 1914, kwenye saa kumi na nusu, wanafunzi wawili waligundua moto. Kengele zikapigwa, wasichana wakashuka gizani wakiwa na nguo za kulalia, wakajipanga, wakaitwa majina. Jengo liliteketea ndani ya saa chache. Hakufa hata mmoja. Mazoezi ya moto yalikuwa desturi pale, na kuita majina, ambako mchana kunaonekana kama kero ya kuwahesabu watu wazima, usiku ule kuliokoa maisha. Kwa hiyo anayesema kuhesabu wanafunzi kufutwe kabisa, mimi simuungi mkono. Cha kuamua ni kuhesabu kwa ajili ya nini.

Nyumba ndogo, mama mmoja kila nyumba

Smith ilifungua milango mwaka uleule wa 1875, mjini Northampton, ikiwa na wanafunzi 14 tu. Waanzilishi wake walikuwa wameshaona Mount Holyoke na Vassar, wakaamua makusudi kutofuata. Badala ya jengo moja la kuishi wote, walitaka nyumba za ukubwa wa familia. Ya kwanza, Dewey House, ilikuwa nyumba halisi ya jaji wa mji. Hawakujenga hata maktaba kubwa wala kanisa mwanzoni, ili wasichana watumie maktaba ya mji na kusali na watu wa mji, wasijitenge kama watawa.

Kila nyumba ilikuwa na mama msimamizi. Yeye ndiye aliyekaa mezani, aliyepokea wageni, aliyejua nani hajala na nani amepata barua mbaya. Pamoja naye aliishi mwalimu mmoja wa kike, ambaye kazi yake ilikuwa kuleta masomo mezani. Huu ndio mgawanyo ninaoupenda kuliko yote: aliyeshika nyumba si yule aliyeshika alama za mtihani. Msichana aliyegombana na mmoja ana mwingine wa kumwendea.

Ila usidhani ni mfumo usio na mitego. Kila nyumba mpya inadai mama mpya, mpishi mpya, kuni au makaa yake, gharama inapanda. Na ukiwaweka wanawake wawili wenye mamlaka kwenye nyumba moja bila kuandika nani anaamua nini, manahodha wawili chombo huenda mrama. Zaidi ya hayo, nyumba ndogo inafanana na mama yake. Akiwa mpole na mwadilifu, wasichana 30 wanapata makao. Akiwa na upendeleo, hao 30 hawana pa kujificha, tofauti na korido ya Vassar ambapo angalau uliweza kupotea. Hapa tu, kwenye nyumba ndogo, ndipo tabia ya matroni inapopanda hadi nafasi ya kwanza.

Bahati mbaya iliwapata Mount Holyoke Septemba 1896, jengo lao kuu lilipoteketea kwa moto. Walipojenga upya, walijenga mabweni kadhaa yaliyotawanyika.

Wasichana wajitawale

Bryn Mawr, Pennsylvania, ilianza mwaka 1885. Mwanamke aliyeitengeneza, M. Carey Thomas, hakuwa na subira na chuo kinachowachunga wanawake kama watoto. Mwaka 1892 wanafunzi waliunda chama chao cha kujitawala, cha kwanza cha aina yake Marekani: kanuni za mwenendo, saa za kimya, saa za kurudi, vyote vikatungwa na kusimamiwa na wanafunzi waliochaguliwa na wenzao. Msimamizi wa bweni alibaki na nyumba na ustawi wa wakazi. Nidhamu ya kila siku ilitoka kwenye kura.

Msichana anayevunja kanuni aliyoipigia kura anawajibika kwa wenzake, na aibu hiyo inafanya kazi kuliko faini. Nimevutiwa pia na jinsi mfumo huu unavyomwachia huru mtu aliyeajiriwa: hahitaji kunyatia korido, kwa hiyo anaweza kuaminiwa. Kwa wanafunzi watu wazima, naona hakuna chenye heshima zaidi.

Lakini lazima liangaliwe lililokuwa chini yake. Uhuru ule ulisimama juu ya watumishi, wengi wao wanawake weusi, waliofagia vyumba na kupeleka chakula, na hao hawakuwa na kura yoyote. Na mwanamke mweusi wa kwanza kuhitimu pale, Enid Cook, mwaka 1931, hakuruhusiwa kuishi kwenye mabweni na wenzake. Kujitawala kwa wakazi hakumlindi yule ambaye wakazi hawamtaki. Kamati ikiwapa wanafunzi mamlaka ya kanuni, ibaki nayo yenyewe mamlaka ya nani anaingia: dini, kabila, ulemavu, umaskini, ujauzito, hayo yasipigiwe kura ukumbini.

Pale matroni peke yake hatoshi

Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kilimwajiri Lucy Diggs Slowe kuwa mkuu wa kwanza wa wanafunzi wa kike. Alikuwa na shahada ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, alikuwa ameongoza shule, na alikuwa bingwa wa tenisi wa taifa kati ya Wamarekani weusi mwaka 1917. Kabla ya kukubali kazi, alijadiliana kuhusu cheo cha uprofesa na mshahara unaolingana nacho. Hakuwa na tamaa. Alijua kwamba mlezi asiye na cheo mbele ya maprofesa hawezi kumtetea mwanafunzi yeyote mbele yao.

Slowe alipinga wazo kwamba kazi yake ni kulinda milango. Kwake bweni lilikuwa darasa la maisha: mahali pa kujifunza kuendesha mkutano, kusimamia fedha, kupokea mgeni, kuchagua kazi. Alipigania makazi ya heshima kwa wanawake, na mwaka 1931 mabweni mapya matatu ya wanawake yalifunguliwa. Miaka michache baadaye uongozi wa chuo ukamtaka ahame nyumba yake na kuja kuishi chuoni. Alikataa, kwa kuwa aliona wazi kwamba hilo lingemrudisha kwenye umatroni na kumvua hadhi ya mwanazuoni. Mvutano huo ulimchosha hadi kifo chake mwaka 1937.

Hili ndilo swali gumu nililolitaja mwanzo. Je, anayelea wasichana lazima alale nao? Slowe alisema hapana: anayelala bwenini na anayesimamia malezi wanaweza kuwa watu wawili, mradi wa pili ana elimu, sauti na nguvu ya kweli. Nakubaliana naye. Nimeona matroni wema, wanaojua kila kitu kinachowasumbua wasichana wao, wasioweza hata kuomba kikao na mkuu wa chuo. Wema wao unaishia getini.

Upi uchague

Kama una nyumba moja yenye wasichana wasiozidi 40 hivi, fuata Smith. Tafuta matroni anayelala humo, na tumia muda wako wote kwenye kumchuja yeye, kwa sababu kila kitu kitamtegemea. Ukiweza kumpata mwalimu mmoja wa kike aishi jirani au ndani, vizuri zaidi, lakini waandikie kila mmoja mipaka yake siku ya kwanza.

Kama jengo ni la mamia ya watu, na Afrika Mashariki hosteli nyingi za vyuo ndivyo zilivyo, usijidanganye na matroni mmoja mwenye sauti kubwa. Utapata Vassar bila Mitchell. Ligawe jengo kwa ghorofa au kwa mrengo, kila sehemu iwe na mtu wake na sebule yake, na pesa ambazo ungemlipa msimamizi mkuu mwenye cheo kirefu zilipe watu watatu wa kawaida.

Kama wasichana wako ni wanachuo, si wanafunzi wa sekondari, waachie kanuni za kutoka, kuingia, wageni na kimya, kwa mfumo wa Bryn Mawr. Usiwaachie moto, maji, jikoni wala ugonjwa. Hayo yana mtu anayelipwa kuyajibu. Orodha ya waliolala ndani iwepo kila usiku kwa ajili ya hatari, na isigeuzwe ripoti ya kumpelekea mzazi.

Kama mfuko wako ni mdogo kabisa, Mount Holyoke bado ni jibu la haki: kazi za mikono zigawanywe kwa wote bila kumwachia mtoto wa maskini peke yake, walimu waishi karibu, ada ishuke. Acha tu ile desturi ya kuungama mbele ya kundi, na mwalimu wa zamu apewe siku zake za kupumzika.

Na vyovyote utakavyochagua, mkataba wa matroni useme mshahara wake kwa fedha taslimu mbali na chumba na chakula, useme nani anashika nafasi yake anapolala au kwenda likizo, daktari au zahanati ipi anaipigia simu saa nane za usiku bila kuomba ruhusa, na useme kwamba ana kiti kwenye kikao cha chuo kinachoamua mambo ya wanafunzi, pamoja na haki ya kuongea ndani yake.